Stika Sita za TUPU

Jumatatu, 4 Mei

Leo nimeanza. Diski sita za mashine ya tatu ya kutunza picha, zote za miaka sita, zote zinatoka — na hospitali haizimi mitambo hata dakika moja. Wagonjwa wanapigwa picha, madaktari wanazifungua, mimi nachomoa. Raha ya kazi hii ni kwamba ukiifanya vizuri hakuna anayejua umeifanya.

Utaratibu naujua kama njia ya chooni kwangu. Kila picha ina nakala mbili, katika mashine mbili tofauti. Naiamuru diski ihamishie mzigo wake kwa wenzake. Nasubiri mia kwa mia. Naizima, naiacha ipoe, nachomoa. Kisha stika ya TUPU, na moja kwa moja kwa fundi seremala aitoboe kwa drili, maana siri za wagonjwa hazitupwi jalalani. Fundi hatoboi kitu kisicho na stika yangu.

Mkuu wa kitengo — tunamwita Leoleo, kila kitu anakitaka leoleo — kaja kuuliza kwa nini nisizing'oe zote sita kwa mpigo. Maboksi ya diski mpya yamejaa chini ya meza yake, hana pa kuweka miguu. Nimemwambia aiweke juu ya meza.

Ya kwanza imetoka. Stika nimeziandika zote sita na kuzibandika hukohuko diski ziliko. Kuokoa muda.

Jumanne, 5 Mei

Ya pili nje. Mia kwa mia, baridi, tundu katikati. Safi!

Mama mkwe amelazwa. Uvimbe wa shingo. Alhamisi saa nne anapasuliwa, na daktari anataka kwanza picha zake za miaka sita iliyopita, aone uvimbe umetambaa kutoka wapi kwenda wapi. Akikata bila kuziona, sauti inaweza kwenda. Mama mkwe bila sauti! Mwanamke anayeweza kumgombeza mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Ameshaitangazia wodi nzima kwamba mkwewe ndiye mtunza picha. Jioni akanivuta karibu — zangu zipo kweli, mwanangu? Zipo mama, lala. Nilisema bila kupepesa macho, na ilikuwa kweli.

Jumatano, 6 Mei

Ya tatu leo imejivuta. Saa tisa na nusu, tisini na nne kwa mia. Saa ya kuona wagonjwa ni kumi. Leoleo kaja mlangoni mara tatu, mara ya tatu kaja na boksi mkononi.

Nikapiga hesabu. Hizo sita kwa mia zilizobaki zina nakala nyingine kwenye mashine ya kwanza. Nikichomoa, mashine zitajinakilia zenyewe, jioni yote yamekwisha. Miaka tisa nafanya kazi hii. Nikachomoa. Nikampitishia fundi, nikawahi wodini. Mama mkwe kanicheka viatu vilivyojaa vumbi la mbao.

Alhamisi, 7 Mei

Saa moja asubuhi. Diski moja ya mashine ya kwanza imekufa. Imejifia yenyewe, jana saa kumi kasorobo, mimi nikiwa njiani kwenda wodini. Kunakili kulikuwa hakujaisha. Picha arobaini na moja hazina nakala hata moja.

Nimeitafuta namba ya faili la mama mkwe kwenye orodha hiyo nikijua nitaikuta. Nimeikuta.

Zimebaki mahali pamoja tu: kwenye diski yenye mwandiko wangu, TUPU, kwa mtu mwenye drili. Na hii drili nimeipa kazi mimi.

Nimempigia daktari kabla sijatoka. Nimekosea mimi, daktari, si mashine. Kasema atangoja hadi saa tano. Baada ya hapo ataamua, akate au aahirishe, na uvimbe ule haupendi kungojwa. Nikakimbia. Mtu mzima, na kitambulisho kinanipiga kidevuni.

Karakana imefungwa. Nimekaa kizingitini nusu saa nzima, ndiyo naandika haya. Najiita majina nisiyoweza kuyaandika hapa.

Saa mbili na nusu. Fundi kafika, kafungua. Mezani mbili zenye matundu. Ya tatu nzima! Iko kando, juu ya kitambaa.

Kasema zile mbili nilimletea baridi kama sahani, lakini hii ilikuwa na moto. Akajiambia huyu dada leo kapitiwa, kitu cha moto hakijamaliza kazi. Akaiweka, akangoja nije. Nikamuuliza, na stika je? Stika niliiona, kasema.

Nimelia mbele yake. Kanipa kitambaa cha kufutia mbao.

Saa tatu na dakika kumi. Nimeirudisha pale pale ilipotoka. Taa ya njano. Kijani ndiyo itaniambia imeamka. Leoleo kasimama nyuma yangu, kauliza itachukua muda gani. Sijui, nimemwambia. Kavuta kiti, kakaa. Hakusema leoleo.

Nesi kapiga simu: mama mkwe keshavikwa gauni la upasuaji, anauliza mkwewe amechelewa wapi, na wodi nzima imemsikia.

Naandika kwa mkono mmoja. Kiganja cha pili kiko kwenye uso wa diski. Njano. Baridi.

Njano bado.

Si baridi sana sasa —