Ndagala kwenye nyumba ya maziwa

Jumatano, jioni. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito, sasa kuko wazi na baridi.

Amahoro kwenu nyumbani. Amahoro Baba Odette, mume wangu, natumaini mugongo umepoa na unakumbuka kufunga dirisha la jikoni. Amahoro Mama, mukwe wangu, miguu inaendeleaje na hiyo joto ya Rumonge? Amahoro Bukuru, amahoro Butoyi, mapacha wangu, musipigane, na yule aliyevunja sahani ya maua anajijua, tutaongea nikifika. Amahoro Mama Zubeda jirani, murakoze sana kwa kuniangalizia hao wawili. Na mbuzi, mumupe maji, yeye hawezi kuomba.

Na wewe unayesoma hapa bila kunijua, amahoro pia. Hii blogi alinifungulia Odette, binti yangu mukubwa, kwenye simu. Alisema niandike kama shajara, labda nitaacha kumupigia kila saa. Nimesoma madarasa machache tu, kule kambini Tanzania, mahali nimekosea unisamehe.

Niko vakansi.

Naandika hilo neno na naona haya kidogo. Kwetu vakansi, kupumzika bila kazi, ni ya watoto wa shule. Mimi mikono yangu haijui kukaa. Lakini Kelia, kitinda mimba wangu, malaria ilimushika vibaya, na ilipomuacha iliondoka na hamu yake ya kula. Muuguzi alisema mumupeleke mahali pa baridi, anywe maziwa, apate nguvu. Odette ameolewa huku juu milimani, kwa watu wa ng'ombe. Akasema, Mama, njoo naye, upumzike na wewe.

Huku ni kuzuri, siwezi kudanganya. Vilima vina majani mpaka juu, na ng'ombe wa pembe ndefu wanatembea pole pole kama watu waliotoka misa. Na chini kabisa, ziwa. Nimeishi kando ya lile ziwa, nimeanika ndagala, zile samaki ndogo, kwenye mchanga wake, na sikujua kama liko na rangi nyingi hivi. Kule nyumbani unaliona kipande kipande, katikati ya mitumbwi na nguo za watu. Huku unaliona lote, mpaka milima ya Congo. Nilitafuta paa yetu. Sikuiona, na usiku sikulala vizuri.

Sasa nieleze kosa langu la siku ya kwanza.

Mutu haendi kwa bamwana mikono mitupu. Bamwana ndivyo tunaitana, mimi na mama wa mume wa Odette. Nikamuletea zawadi ya kwetu, kikapu cha ndagala kavu, zile nzuri za Kabonga zisizo na mchanga. Nikaingia nazo mpaka ndani, nikakiweka kikapu pale kwenye ubao safi, nikakifungua ili aone. Harufu ikajaa nyumba yote. Mimi nilikuwa nafurahi.

Odette aliniangalia kama mutu anayeona sufuria inaanguka na iko mbali.

Ule ubao ni wa vyombo vya maziwa.

Bamwana ni mama mukubwa wa zamani kabisa. Katika nyumba yake samaki haiingii. Aliyekula samaki hanywi maziwa siku hiyo, na hagusi ng'ombe, maana maziwa yatakauka. Alisema murakoze, kwa heshima yote, halafu akaingiza fimbo kwenye mukono wa kikapu akakibeba mpaka nje kwenye mikaratusi, ameinyoosha mbali na yeye, kama mutu aliyeua nyoka. Jioni Odette aliniambia, "Mama, nilisahau kukuambia. Mimi nimeshazoea kuiacha." Mutoto niliyemulea kwa ndagala.

Ningecheka, kama Kelia angekuwa anakula.

Kila asubuhi bamwana anamuletea maziwa ya Bihogo, ng'ombe anayemupenda kuliko wote, kwenye chombo cha mbao kinachonuka moshi wa majani. Kelia anageuza uso. Maharagwe, hapana. Ndizi, anauma mara moja anaweka chini. Jana nilimuogesha nikashika mukono wake, vidole vyangu vikazunguka vikapita. Nikatoka nje nikajifanya natafuta sabuni.

"Unataka nini, mama wangu?" nilimuuliza.

"Ndagala."

Ningefanya nini? Kupika samaki kwenye nyumba ya watu walioikataa, na binti yangu ndiye atakayebaki hapa na midomo yao? Au kumuangalia mutoto anakauka mbele ya ng'ombe wote hawa? Jana nikamuambia Odette, kesho tunashuka. Akalia. Nikafunga mizigo.

Leo nimeamka, kitanda upande wa Kelia kiko baridi.

Halafu nikasikia harufu. Ndagala, na mawese ya moto. Nikajua Odette amefanya ujinga kwa ajili yangu, na sasa ndoa imeharibika. Nikakimbia nje bila viatu.

Nyuma ya nyumba, mbali na zizi, karibu na mikaratusi, bamwana alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga matatu. Amejifunga kitambaa puani. Kwenye moto kuko chungu cha zamani, ndani ndagala zinaruka, na yeye anazikoroga na kijiti akiwa amegeuza kichwa pembeni. Kelia amekaa kwenye jiwe, na blanketi, kama chefu, mukubwa wa ofisi.

"Geuza, Bibi. Zinaungua."

"Nimegeuza."

"Na upande ule."

Bamwana aliponiona hakusimama. Wanaongea Kirundi, mimi naandika kwa Kiswahili. Alisema, "Wewe rudi ulale. Huyu mutoto wako ni mukali kuliko mama mukwe wangu, Mungu amupumzishe."

Nikamuambia, bamwana, wewe hujawahi kugusa hii kitu.

"Hapana. Na inanuka kama ulivyokuwa unanuka wewe siku ulifika." Halafu akasema pole pole, hakuniangalia, "Mimi nilizika wawili waliokataa kula. Tulikuwa na maziwa mengi tu."

Nikakaa chini kwenye umande.

Kelia alikula. Na ubugali wa jana, baridi, alikula mpaka akalamba mawese kwenye vidole. Bamwana alimuangalia mpaka mwisho. Kisha akasugua mikono yake na majivu, akanawa, akasugua tena, akanusa, akasugua tena. Akamuita Odette. "Leo wewe utamukamua Bihogo. Mimi siwezi." Odette anasema tangu afike hapa hajaona siku bamwana amemuachia mutu mwingine yule ng'ombe. Bamwana alisimama nje ya zizi, mbali, anamuimbia Bihogo kutoka kule ili asikatae.

Mchana jua lilipotoka akamuletea Kelia maziwa. Siku hiyo hiyo. Nikamuambia, lakini bamwana, ni ninyi mulisema. Akasema, "Bihogo na mimi tutaelewana." Akamugeukia mutoto, "Mimi nimevumilia harufu ya kwenu. Sasa wewe vumilia ya kwetu."

Kelia akafikiri. Akashika pua yake, vile bamwana alikuwa amejifunga, akanywa. Karibu nusu. Amelala hapa pembeni yangu sasa, na masharubu meupe. Sikumufuta.

Nilichukua kile chungu nikakitupe mbali, maana hakiwezi kurudi ndani ya nyumba. Bamwana akanipokonya. "Kesho atakulia wapi?" Amekitundika nje, kwenye ukingo wa mikaratusi, kwenye tawi lake peke yake. Anasema ni cha Kelia, hata akija akiwa mama wa watu kitakuwa hapo.

Baba Odette, bamwana anaomba tubaki mpaka mutoto mashavu yarudi. Mimi roho iko kwenu, na iko hapa. Sijui kama mutaweza bila mimi. Nimefungua mizigo nusu, nguo za Kelia tu. Zangu bado.

Kwa hiyo munijibu mbio, leo kama betri ya simu iko na moto. Mukikubali, Mama Zubeda achague ndagala nyingine, muzipe mutu wa pikipiki anayepanda huku, na mumuambie azishushie nje, kwenye mikaratusi. Kikapu nilichokuja nacho hakitafika mbali.