Kidonda Alichokiona Mama

Kaka Wendelini,

Shikamoo.

Nimeona vibaya kuanza bila shikamoo, ingawa sijui huko uliko mnaitikiaje. Ni mimi Restituta. Niko Mlimba, watoto wamekwenda shule, mume wangu yuko kazini relini, na nyumba imetulia. Nimeona nikuandikie kabla sijakosa ujasiri. Kuna jambo lilitokea nyumbani baada ya wewe kuondoka ambalo hukulijua, na kuna lingine limetokea mwaka huu. Mtu mwenye haki ya kwanza ya kuyasikia yote mawili ni wewe.

Siku uliyokufa sikuwepo. Mvua ile ilikuwa imekata njia, nami nilifika Mofu umeshazikwa. Nilikuta udongo wa kaburi bado mbichi, mkeo amekaa chini hasemi na mtu, na mama anasema na kila mtu. Ndipo nikaelezwa. Kwamba mchana ulipita kwa shangazi Leokadia, akakupa ugali na perege, ukala ukashiba, ukamshukuru. Kwamba jioni ulianza kutapika damu nyeusi yenye mabonge. Kwamba wenzako walikulaza kwenye mtumbwi wakupeleke barabarani, na ukakata roho kabla mtumbwi haujafika.

Mama hakuhitaji zaidi ya hapo. Unakumbuka shangazi alikuwa akidai kile kipande cha shamba la mpunga alichoachiwa na babu. Basi mama aliunganisha shamba na perege, na pale pale msibani, mbele ya waombolezaji wote, alimnyooshea kidole. "Wewe ndiye uliyemlisha mwanangu. Mtazameni! Mtazameni mchawi huyu!"

Shangazi, dada wa baba yetu. Aliyekubeba mgongoni.

Hakuna aliyempiga, hilo nashukuru. Lakini walimfukuza kwenye msiba, hakuruhusiwa hata kukutupia udongo. Na baada ya hapo hakuna aliyenunua togwa yake tena. Alikuwa akitoka nayo asubuhi, jioni anaimwaga. Akavumilia mpaka mavuno, kisha akafunga virago akahamia Kiberege.

Hayo ndiyo hukuyajua. Sasa nikueleze ya mwaka huu.

Mwaka huu tumbo lilinianza na mimi. Hapa juu ya kitovu, kama mtu ameweka kaa la moto. Nikiwa na njaa linawaka, nikila linapoa, baada ya muda linawaka tena. Nilipokuwa nimeinama natwanga niliona jasho linanitoka, nikakukumbuka wewe. Nilikuona umesimama kando ya jaruba, mkono mmoja umeshika jembe, mwingine umebana tumbo, unalamba magadi ya kupoza tumbo kutoka kwenye ule mfuko wa nailoni. Nilikuuliza una nini, ukasema, "Njaa tu, dada. Mchawi wangu ni njaa." Tukacheka. Tulikuwa tunacheka kila kitu, mimi na wewe.

Mama alipopata habari alikuja Mlimba mwenyewe na treni. Hakuketi hata kunywa maji. "Funga mzigo. Kuna mganga Uchindile, anatoa vilivyotegwa. Huyu Leokadia amemaliza mmoja, sasa amekuja kwako."

Nikamwambia, "Mama, mimi sijala kwa shangazi tangu nimeolewa. Hata sura yake sijaiona tangu msiba."

"Basi amekutumia."

Kaka, unamjua mama. Kumbishia ni kusukuma treni kwa mikono. Lakini mume wangu alikuwa amesikia stesheni kwamba hospitalini Ifakara amekuja daktari wa tumbo na kipimo kipya, mpira unaomezwa wenye taa, na kwamba anatafuta watu wenye maumivu kama yangu kwa ajili ya utafiti. Nikamwomba mama: twende Ifakara kwanza, wakikosa, nitakwenda Uchindile bila kusema neno. Alikubali. Nadhani alikubali kwa sababu alikuwa na uhakika watakosa.

Daktari yule ni mtu mfupi, mpole, anazungumza taratibu kama anayehesabu maneno. Alinieleza kila kitu kabla sijakubali. Kwamba wanataka kujua watu wa bonde hili wanaougua tumbo wana nini hasa ndani, na dawa gani inawaponya. Kwamba ninaweza kukataa na bado nikatibiwa. Kwamba mpira utanikera lakini hautanikata. Nikamuuliza kama ameshawahi kuumeza yeye. Akacheka, akasema ndiyo, na kwamba alitapika mate mpaka kwenye viatu vya mwalimu wake.

Nikakubali.

Mama alikataa kutoka chumbani. Muuguzi alimwambia ndugu wanasubiri nje kwenye benchi, mama akajibu, "Mmoja alikufa na mimi siko. Huyu sitoki." Daktari akamwangalia, akasema aachwe, asimame pembeni asiguse kitu.

Walinipulizia kooni dawa chungu, koo likafa ganzi. Wakanilaza ubavu wa kushoto, wakaniwekea kidude cha plastiki cha kung'ata. Halafu mpira ule mweusi, mnene kama kidole, ukaingia. Kaka, sitakudanganya. Nilidhani nakufa. Machozi, mate, tumbo linataka kutoka kwa mdomo. Muuguzi alinishika kichwa akawa ananiambia, "Vuta pumzi kwa pua, mama, vuta, unaweza." Nikavuta. Nikasikia daktari anasema, polepole, "Nimekiona."

Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Mama mzazi, njoo hapa."

Kile chombo kina mahali pa kuweka jicho, na kilikuwa na tawi la pili, la mwanafunzi kuchungulia. Mama akavua kilemba, akainama, akaweka jicho. Mimi nilikuwa siwezi kusema wala kugeuka. Nilikuwa nasikia tu.

"Unaona hapo pekundu? Katikati pana utando mweupe."

"Naona."

"Hicho ni kidonda."

Mama akasogeza jicho karibu zaidi. Kisha, "Hiki ndicho kinachomla mwanangu?"

"Ndicho."

"Kimewekwa na mtu?"

Muuguzi alitaka kucheka, nilimsikia. Daktari hakucheka. Alisema, "Hapana, mama. Hata sisi madaktari zamani tulikosea, tukasema vidonda hivi vinaletwa na mawazo na pilipili. Sasa imejulikana kwamba wengi wanavyo kwa sababu ya kijidudu kinachoishi tumboni. Mtu anakipata utotoni, katika maji au chakula, anakaa nacho miaka bila kujua. Ngoja tuone kama mwanao anacho."

Akapitisha waya mwembamba ndani ya mpira, akang'oa vipande vidogo vya nyama, vidogo kama chenga za mchele. Sikusikia maumivu. Kimoja akakitia kwenye kitu cha njano, akamwambia mama aketi akiangalie, kikigeuka chekundu kijidudu kipo. Nilipoinuliwa, nimelegea, nikamkuta mama amekikazia macho kama mtu anayechunga maziwa yasimwagike jikoni. Kikageuka.

"Dawa ya waganga nayo hugeuka rangi," mama akasema.

"Ni kweli," daktari akajibu. "Ila mimi nikikosea, wenzangu watapima tena na kunisahihisha. Hivyo vipande vingine vinakwenda kwao. Na huyu atarudi, tutachungulia tena, na wewe utachungulia tena. Dawa isipofanya kazi utakiona kidonda pale pale."

Nilipewa vidonge vya aina mbalimbali. Vilinitia ladha ya chuma mdomoni, hata mchuzi ulikuwa kama nimelamba msumari. Nikamaliza vyote. Mama alikaa na mimi Mlimba muda wote ule, na jina la Uchindile hakulitaja. Hakutaja jina lolote. Alikuwa akipeta mchele kisha mikono inasimama, ungo umekaa mapajani, anatazama mbele. Nikamwacha. Kuna mawazo ambayo mtu huwezi kumsaidia kuyabeba.

Tuliporudi Ifakara, daktari akanimezesha tena ule mpira. Safari hii mama hakungoja kuitwa.

"Kiko wapi?" akauliza.

"Kimepona. Unaona pale kama mkunjo mweupe? Ni kovu."

Mama aliinuka kwenye kile chombo, akarudi nyuma mpaka ukutani. Nilipokwisha kutolewa mpira na kufutwa uso, ndipo akauliza. Sauti yake sikuitambua.

"Daktari, nilikuwa na mwingine. Mkubwa wake. Alikuwa akilamba magadi. Alikuwa anakula usiku ndiyo alale. Alitapika damu akafa siku hiyo hiyo."

Daktari akavuta kiti, akakaa mbele yake. Akamuuliza kama ulikuwa ukitumia dawa yoyote. Mama akasema asprini, kila wakati wa kulima, kwa ajili ya mgongo. Akauliza kuhusu choo chako. Mama hakujua, nikajibu mimi, kwa sababu mkeo aliniambia: kilikuwa cheusi kama lami, siku kadhaa kabla ya ile siku. Kabla, kaka. Kabla hujapita kwa shangazi. Nilimwona mama akilisikia neno hilo.

"Mimi sikumpima marehemu," daktari akasema, "kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini unavyoeleza, mama, ndivyo anavyokufa mtu ambaye kidonda kimetoboa mshipa wa damu. Na alikuwa akivuja damu tangu siku zile za choo cheusi. Chakula cha mchana mmoja hakifanyi hivyo."

Nikauliza mimi, na afadhali nisingeuliza, kama mtu wa namna hiyo anaweza kuokolewa. Akasema siku hizi, akifika mapema, anaongezewa damu, na kwa mpira huo huo madaktari wanaweza kupitisha sindano mpaka kwenye mshipa na kuuziba. Si wote wanaopona. Wengine wanapona.

Akifika mapema. Nawaza ule mtumbwi, kaka. Nawaza maji yale yote.

Tulitoka nje. Mimi nikageuka kuelekea stesheni, treni ya Mlimba ilikuwa karibu. Mama akasimama. Akajifunga khanga upya kiunoni, akasema, "Tupande gari la Kiberege."

Shangazi tulimkuta sokoni, anauza mchele kwenye gunia lililokunjwa mdomo. Amezeeka. Alituona tangu mbali, akaendelea kupima mchele wa mteja, akampa, akamshukuru, ndipo akatutazama. Nikapiga goti nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza habari za watoto. Mama akabaki amesimama mbele yake, katikati ya watu wanaopita.

"Wifi," mama akasema. "Nilichungulia ndani ya tumbo la mtoto wangu. Nimekiona kilichomuua Wendelini. Si wewe."



Shangazi alifunika gunia, taratibu. Nilitegemea atalia au atatufukuza. Hakufanya lolote katika hayo. Alisema, "Nimekusikia, wifi. Lakini hukuniita mchawi sokoni Kiberege. Uliniita Mofu, mbele ya watu wa Mofu. Hapa hakuna anayenijua kwa jina hilo. Kaseme kule."

Mama akasema, "Nitasema."

Na alisema, kaka. Jumapili, baada ya sala pale kigangoni Mofu, katekista alipomaliza matangazo, mama alisimama. Unajua mama asivyopenda kushindwa. Alishika mgongo wa benchi kwa mikono yote miwili, akawaeleza habari ya mpira na taa na kidonda. Akasema, "Leokadia hakumuua mwanangu. Mimi ndiye niliyemwita mchawi, na nilikosea, na ninyi mlinifuata. Mrudishieni jina lake." Kisha akakaa. Nikasikia vifaranga huko nje.

Si wote walioamini. Wapo wanaosema mama amelishwa kitu Ifakara, wengine wanasema huo mpira ni uchawi wa kizungu. Lakini baadhi ya waliokuwa wakikwepa kivuli cha shangazi wamekwenda Kiberege kumwamkia. Mkeo ndiye aliyekuwa wa kwanza, na alimpeleka mwanao mdogo, yule uliyemwacha tumboni. Shangazi alikuwa hajamwona. Ameshasema hatarudi kuishi Mofu, na sioni wa kumlaumu. Shamba lake mama amempa, analimiwa na mkeo, wanagawana mpunga.

Sina hakika nimesamehe nini na nani katika haya yote. Mama amenyamaza siku hizi, na ukimya wake unanitisha kuliko makelele yake ya zamani. Juzi aliniuliza kama wewe, huko uliko, ulikuwa unajua tangu mwanzo kwamba siye shangazi. Nilimwambia ndiyo. Sikujua jibu jingine.

Nimekubali kurudi kwa yule daktari kila atakaponiita, ili aone kama kidonda kinarudi. Na nimeanza kuwasema majirani wanaolamba magadi waende kupimwa, wananikimbia wakiniona. Nakuahidi sitachoka. Nakuahidi pia kwamba siku ya kuwaombea marehemu, mwezi wa kumi na moja, tutakuja kaburini kwako na shangazi Leokadia. Ametuma neno kwamba atakuja. Anaomba tumwache na wewe peke yake kwa muda, kwa sababu ana la kukuambia. Sikumuuliza ni lipi. Mimi na mama tutakaa mbali, kule kwenye majaruba, mpaka atakapotuita.

Pumzika, kaka yangu. Nimekukumbuka sana.

Mdogo wako,
Restituta