Sato wa Mama na Mapishi ya Italia

Shikamoo Mama,

Sato uliyenipa huko Mwanza nimletee kaka alifika hapa Msalato salama. Shida ni kaka. Tangu arudi kwenye semina ya siku tano huko Italia, hataki tena kuona samaki mwenye mifupa. Alitoa minofu, akaichovya kwenye yai, akaigaragaza kwenye chenga za mkate, akaikaanga. Mkate wenyewe upepo wa Dodoma ulishaukausha mezani. Kichwa na mifupa akampa jirani, Mama Neema, awape paka. Mama Neema hana paka.

Minofu ilikauka vizuri, sikatai, ila tulipewa vipande viwili viwili na limau, ugali marufuku. Tukiwa mezani na uma zetu, harufu ya supu ikavuka ukuta. Kaka akainuka: "Naenda kuomba limau jingine."

Hakurudi. Nikamfuata, nikamkuta kwa Mama Neema amekunja mikono ya shati, tonge mkononi, anafyonza jicho la sato.

"Usimwambie mama," akanisihi.

Sijamwambia mtu. Nimeandika tu, tena kwenye kadi isiyo na bahasha, na watu wa posta wasome. Ubaki salama, Mama yangu. Safari ijayo mtumie kichwa tu.

Mwanao,
Kabula