Bathdei za Kila Ijumaa za Mama Remy

Mama Remy,

Joy, binti yako mkubwa, amenipigia simu kutoka Manila, na sikufichi, amekukasirikia. Miezi miwili tu tangu moyo wako uliposimama wodini tukalisindikiza jeneza lako hadi uwanja wa ndege, naye anauliza: mama yangu alikuwa anakula raha gani huko Saudia? Ana picha. Kila Ijumaa, miaka sita, wewe na kofia ya karatasi kichwani, keki mbele, meno yote nje. Harusi yake hukuja. Mtoto wake wa kwanza hukumshika. Lakini sherehe hukukosa hata moja.

Woi, Mama! Wewe ndiye uliyetuapisha kwamba mambo ya Ijumaa hayapiti kwenye simu, hata kwa watoto wetu. Na wewe sasa hakuna wa kukunyang'anya ikama, kile kibali cha kuishi huku. Yangu bado naihitaji.

Nisingemlaumu, maana hata mimi ulinipata. Nilikuwa mfagiaji mgeni pale Riyadh, wewe ni nesi ambaye hata madaktari walikuogopa. Ukaniambia, "Agneta, Ijumaa ni bathdei yangu, njoo." Nikanunua marashi. Ijumaa ya pili, bathdei tena. Nikanunua vitambaa vya mkono. Ya tatu nikaja mikono mitupu, nimenuna, nikidhani Wafilipino huzaliwa kidogo kidogo. Ulicheka mpaka ukakaa chini, kisha ukatoa rozari kwenye mfuko wa sare, nami nikaelewa: bathdei ilikuwa pazia la sala zetu za Kikristo, ambazo huku ni marufuku.

Tulipohamishiwa Jeddah ukahama na bathdei zako hadi chumba chetu cha Al-Mahjar. Keki katikati, maombi kwa kunong'ona, na mlango ukigongwa tu, yalla, makofi na wimbo wa bathdei! Kazi ilikuwa mimi. Kwetu Kakamega tukiomba, mabati yanalia. Siku moja Roho alinishukia vizuri, Mzee Abdu wa mlangoni akaja mbio akidhani kuna mtu anajifungua. Ukamtuliza kwa kipande kikubwa cha keki. Maskini, ulimlisha keki kila Ijumaa, na kila Jumamosi ukampima sukari na kumgombeza.

Sasa Joy yuko kwenye simu, analia kwa hasira, anasema alipewa mama wa picha. Hapo nilishindwa. Nisamehe, nimevunja kiapo. Nilijifungia stoo ya mashuka nikamwambia kila kitu, kwamba yale yalikuwa maombi, na jina la kwanza kila Ijumaa lilikuwa lake.

Hakuamini. Basi nikamtajia. Pumu yake. Mtihani wa hesabu alioufanya mara tatu, ambao magoti yangu yanaujua kuliko yeye. Na yule mchumba wa pikipiki, Ramil, tuliyemwomba Mungu amwondoe taratibu bila kumuumiza.

Hapo akapiga yowe. "Kumbe ni nyinyi mlimfukuza Ramil!"

Akacheka, Mama. Anacheka kama wewe, kwa mabega. Halafu akalia, kile kilio alichokuwa amekibana tangu mazishi, nami nikalia naye juu ya mashuka safi, ikabidi niyarudishe kufuliwa.

Tulipotulia akaniuliza tulikuwa tunakufanyia nini siku yako hasa ya kuzaliwa. Bathdei zote zile, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukuuliza! Aliponitajia tarehe niliona haya. Miaka yote sita ulikuwa zamu siku hiyo, unabadilisha dripu za watu na kunifokea juu ya ndoo zangu, na hukusema neno. Nimekukasirikia na mimi kidogo. Nimekukumbuka zaidi.

Basi lala, Mama Remy, miguu yako ipumzike. Ijumaa zinaendelea, na wanao wote wanne bado tunawataja, kuanzia Joy. Siku yako inaangukia Jumanne mwezi ujao. Nakuahidi tutaikatia keki, Joy akituangalia kwenye simu, na wimbo tutauimba mpaka mwisho. Na mlango nitauacha wazi kabisa, kwa sababu siku hiyo hatuna cha kuficha.

Mwanao wa Kakamega,
Agneta