Siku Aliyozaliwa Protais

Jumatano, 1 Januari 2025

Leo kanisani keki imekatwa tena kwa watu wote wa Januari mosi. Nimewahesabu. Thelathini na mmoja! Ndio sisi watu wa kambi ya wakimbizi. Karani alikuwa anauliza, umezaliwa lini? Ukisema sijui, au ukisema wakati wa kupanda maharage, yeye anaandika Januari mosi, anaita anayefuata. Na mume wangu Protais kasimama kwenye mstari na sahani yake ya karatasi. Wamaitha, yule Mkenya wa sauti ya pili kwenye kwaya, alicheka mpaka akashika ukuta. Nyinyi mlizaliwa kwa oda moja!

Mimi nilibaki benchi na mtoto wetu Darlène. Mimi nilizaliwa zahanati ya kambi, kadi ninayo, 14 Agosti. Protais hunitania, ati mimi ndiye mtu wa maana humu ndani.

Mwaka huu naomba vitu viwili tu. Protais apate mkataba wa kudumu. Jino la Darlène litoke bila homa.

Ijumaa, 17 Januari

Amepata! Amir, mkuu wake kule ghalani, mji wa Södertälje hapa Sweden, kampa mkono. Kuanzia Machi wewe ni wetu. Mwaka na nusu Protais amekuwa mtu wa kuitwa na simu alfajiri — njoo, usije, njoo. Kutoka hapa Akalla mpaka kule ni safari. Sasa basi! Nimepika sombe, kisamvu chetu, na samaki. Darlène kajipaka kichwani kote. Hatukumkemea.

Alhamisi, 23 Januari

Kuna kitu. Sijui hata niandikeje.

Ghala lile linatuma vipuri nchi za nje. Kwa hiyo kabla ya mkataba, jina la mtu linapitishwa kwenye orodha ya vikwazo — watu ambao Ulaya imekataza kuwapa chochote, hata mshahara. Kompyuta imemkamata Protais! Yuko mtu wa bunduki huko Kongo, majina yote mawili sawa na ya mume wangu. Amezaliwa: 1 Januari 1990. Sawa na kitambulisho cha Protais. Herufi kwa herufi, namba kwa namba.

Amir mwenyewe aliona haya. Alimwambia, mimi najua si wewe, wewe unaruka forklift ikipiga honi. Lakini wakubwa wake wanaogopa sheria. Hata ile kazi ya kuitwa imesimama. Amir amesema atamshikia nafasi mpaka midsommar, sikukuu yao ya Juni, watu wakienda likizo lazima awe na mtu. Baada ya hapo hawezi.

Protais hakula. Darlène alimletea kiatu chake kimoja, akamwekea mapajani. Akakipokea.

Jumapili, 26 Januari

Baada ya misa nilimshika Wamaitha mkono nikamweleza yote palepale kwenye makoti. Kumbe ni advokat, wakili! Mwaka wa tatu naimba naye, najua anapenda chai ya tangawizi, sijui kazi yake. Anasimamia kesi za makampuni, na za vikwazo, na za watu wanaogombana na ofisi za serikali. Mambo ya meli kuzuiwa, akaunti za matajiri kufungwa.

Alisikiliza huku anafunga zipu ya Darlène. Halafu akasema, sikiza mama, kazi yangu ni watu wenye wako kwa hiyo orodha na wanataka kutoka. Bwanako hata hayuko! Sasa nitamtoa wapi?

Nikahisi machozi. Akanishika shavu. Sijasema haiwezekani, nimesema ni ngumu. Mje Jumanne ijayo. Na mambo ya malipo niachie mimi.

Jumanne, 4 Februari

Ofisi ya Wamaitha ina kapeti inayomeza viatu. Nilimbeba Darlène asiguse kitu. Akagusa.

Wamaitha kaeleza polepole. Orodha hatuwezi kuigusa, kwa sababu Protais hayumo. Tunachoweza kugusa ni tarehe. Januari mosi si siku yake, ni siku ya karani. Ofisi ya sajili ya wakazi ikibadilisha tarehe, hao watu wawili wanaachana, kompyuta inanyamaza. Sasa, akasema, bwana Protais, ulizaliwa lini?

Protais akatazama kapeti. Hajui! Wazazi walikufa, baba mdogo ndiye aliyemwandikisha kambini, Protais ana miaka kama tisa. Baba mdogo aliwataja watoto wote kwa mkupuo.

Na ulibatizwa wapi? Hapo alijua. Parokia anaijua, mpaka rangi ya mlango.

Jumapili, 23 Februari

Paroko tuliyemwandikia ametuma picha ya ukurasa wa daftari la ubatizo!! Imekuja kwenye simu tukiwa tunavaa kwenda misa. Wino umefifia lakini unasomeka. Protais, mwana wa — na majina ya baba na mama yake, yote mawili. Amezaliwa 19 Juni 1991. Protais aliiangalia mpaka simu ikazima, akaiwasha tena. Jina la mama yake hajawahi kuliona limeandikwa mahali.

Na chini, mama wa ubatizo: Béata. Kanisani Josiane wa kwaya kaona jina lake la pili akapiga kelele. Huyu si Mama Béata wa Södertälje? Yuko hai! Protais amefanya kazi mwaka na nusu mji mmoja na aliyembeba kwenye maji ya ubatizo, hajui.

Wamaitha ametuma maombi kwa ofisi ya sajili siku hiyohiyo.

Jumatano, 19 Machi

Wamekataa. Barua kurasa nne. Nilisoma na kamusi ya simu mpaka macho yakauma, mwishowe nikampigia Wamaitha. Wanasema picha ya daftari inaweza kuwa ya Protais yeyote. Tena wanasema yeye mwenyewe ametia saini mara tatu hapa Sweden kwamba alizaliwa Januari mosi. Tuna wiki tatu za kukata rufaa mahakamani. Wamaitha hakusikika kuvunjika moyo. Alisema sasa ndio mchezo unaanza.

Jumamosi, 22 Machi

Protais hataki rufaa.

Tulikaa jikoni, Darlène amelala. Alisema hivi. Nikisimama mbele ya hakimu niseme tarehe ile si yangu, watasema basi ulitudanganya. Na kama tarehe ni uongo, nini kingine uongo? Watafungua faili lote. Kibali changu, chako, cha mtoto. Kazi nitapata nyingine, ya kufagia theluji. Tukae kimya.

Nikamwambia, kampuni gani haina kompyuta? Itakukamata kila mlango.

Akasema, kimya ndicho kilichonifikisha hapa, Mama Darlène. Kambini waliopiga kelele hawakufika.

Nilimpaka mafuta mikono, imepasuka kwa baridi. Mimi sikufika hata darasa la saba. Lakini najua mtu hawezi kuishi na siku ya karani maisha yake yote.

Jumatatu, 24 Machi

Nimempigia Wamaitha nikiwa mapumziko kazini, jikoni shuleni, nimejificha kwenye stoo ya viazi. Nikamuuliza wazi, wanaweza kutufukuza? Akasema, sitakudanganya. Wanaweza kuuliza, na watauliza. Lakini alikuwa mtoto wa miaka tisa, mtu mzima ndiye aliyesema kwa niaba yake. Mtoto hadanganyi kuhusu kitu ambacho hakijui. Hilo nitalisema nimesimama. Lakini siwezi kusimama kwa mtu aliyekaa. Mwambie hivyo.

Sikumwambia. Nilimwambia tu, twende Jumapili tumsalimie mama yako wa ubatizo. Hilo alikubali.

Jumapili, 30 Machi

Södertälje, ghorofa ya pili, harufu ya maharage mpaka kwenye ngazi. Mama Béata ni mdogo kama mtoto wa shule, fimbo kubwa kuliko yeye. Alimshika Protais masikio yote mawili. Haya masikio ni ya baba yako, maskini, hukuyaepuka!

Tukala. Akaeleza bila kuulizwa. Siku ile uliyozaliwa padri alikuja nyumbani, akafungua kitabu cha watakatifu, ndivyo alivyofanya kwa kila mtoto, mwenye siku yake ndiye anakupa jina. Tarehe 19 Juni wako wawili, ndugu, Gervais na Protais. Padri akasema Gervais. Mama yako bado mgonjwa kitandani, akainua kichwa: Gervais hapana! Gervais ni yule jirani aliyekula mbuzi wetu! Basi ukawa Protais.

Tulicheka mpaka Darlène akaogopa. Protais alicheka na machozi yanamtoka, hakuyafuta.

Halafu nikasema mimi — nilikuwa nimenuia — Mama, Protais anaogopa kuisema hiyo siku mahakamani. Protais akanitazama vibaya. Mama Béata aliweka kijiko chini. Mwanangu, mama yako alikuzaa mchana kweupe, watu wamejaa uani. Hakukuficha. Wewe unamficha nani?

Treni ya kurudi ikafika kituo cha Flemingsberg. Pale Protais akasema, ile karatasi ya rufaa iko wapi?

Iko kwenye mkoba wangu! Tangu Jumatatu, nilipopita kwa Wamaitha kuichukua! Akatia saini mgongoni mwa Darlène, mtoto amelala kifuani kwangu, treni inatingisha. Saini imepinda. Ni yake.

Jumamosi, 17 Mei

Mahakama imekubali kutusikiliza ana kwa ana, 12 Juni. Wamaitha anasema si kesi zote hupata hilo.

Leo mazoezi ofisini kwake. Mama Béata kaletwa na taksi, kavaa kama Pasaka. Wamaitha ana namna yake ya kazi. Anahamia upande wa pili wa meza, anavua miwani, anasema: leo mimi si wakili wenu, mimi ni ile ofisi. Na kweli anageuka! Sauti inakuwa ya barafu.

Bibi, ulikuwa na umri gani? — Ishirini na miwili. — Na unakumbuka tarehe, baada ya miaka zaidi ya thelathini? — Nakumbuka hata mbuzi. — Lakini yule mwingine wa orodha naye anaitwa Protais. Kwa hesabu yako, naye si kazaliwa siku hiyohiyo?

Hilo sikuwahi kuliwaza!

Mama Béata akamwangalia kama mtoto mkorofi. Huyo mwingine simjui, binti yangu. Namjua niliyembeba mimi.

Wamaitha akavaa miwani, akawa Wamaitha. Akasema, wueh! Hapo usibadilishe hata neno.

Zamu ya Protais haikwenda vizuri. Kwa nini ulisaini mara tatu? Kimya. Kwa nini hukusema mapema? Kimya. Kila mara anamtazama mkalimani aliyeletwa na Wamaitha, au ananitazama mimi. Wamaitha alimaliza kwa upole. Alisema, kama utashindwa, nitasema mimi, usijali. Lakini niliona anajali.

Jumatano, 11 Juni

Nimepiga pasi shati la Protais. Nimelipiga tena. Amir kapiga simu, bado nafasi ipo, Ijumaa ya wiki ijayo ndiyo midsommar. Wamaitha kamtumia barua kwamba hukumu yaweza kuchukua siku kadhaa baada ya kikao. Amir kajibu kwa kidole gumba tu. Kidole ni kizuri!

Darlène ana meno sita.

Alhamisi, 12 Juni

Naandikia kwenye benchi la korido ya mahakama. Darlène alianza kuonyesha taa na kupaza sauti kwa Kiswidi, titta! titta! yaani tazama! Hakimu alitabasamu, lakini nikatoka. Mlango una kioo chembamba, nikisimama naona nusu ya chumba.

Mama Béata amekwisha kutoa ushahidi. Alisema yote, na Gervais, na mbuzi. Mkalimani alipofika kwa mbuzi alisita, hakimu akainua kichwa, akauliza tena, akaandika. Ameandika! Lile swali la Protais mwingine hawakuliuliza kabisa. Mama Béata kakaa pembeni amenuna, jibu lake zuri halikutumika.

Sasa ni yule bwana wa ofisi ya sajili. Si mtu mbaya, ana mafua. Nilisikia swali kabla mlango haujafungwa: kama tarehe haikuwa yake, kwa nini amenyamaza miaka yote hii?

Swali lenyewe, lile la mazoezini.

Nimesimama kwenye kioo, daftari ukutani, Darlène begani. Wamaitha amesimama kujibu. Protais amemgusa mkono wa joho — hapana, wa koti, hapa hawavai joho. Wamaitha amemwinamia. Ameketi! Wamaitha ameketi chini!

Protais ndiye amesimama. Shati limeshatoka nyuma. Mkalimani amefungua mdomo, kaufunga. Hana kazi. Protais anasema Kiswidi, kile chake cha ghalani, nasikia vipande — barn, onkel, jag var rädd. Mtoto, baba mdogo. Niliogopa. Mikono yake inapima urefu wa mtoto, hapa, kiunoni. Anaonyesha mstari ulivyokuwa mrefu. Hanitafuti kwa macho. Hamtafuti mtu.

Hakimu ameweka kalamu chini, amemgeukia mzima.

Darlène amemwona. Papa! anapiga kioo kwa kiganja. Namshika mkono, ngoja mama, ngoja.

Bado anaongea.