Farasi wa Mbio Kwenye Tope la Bangwe

Alhamisi. Mvua imekatika saa tisa, lakini Bangwe yote, hapa Kigoma, bado ni tope. Kiganja kimechubuka kwa kamba, naandika kwa kidole kimoja.

Jemadari atapigwa risasi kesho saa tatu asubuhi.

Kwa asiyemjua: ni farasi wa mbio. Nilimtunza kwetu Nairobi miaka minne, mpaka mshipa wa mguu ulipovimba. Farasi asiyekimbia tena hana anayemtaka. Mzee Kassimu wa Simbo, ambaye sasa ndiye tajiri wangu, akamchukua, nami nikaja naye. Watu wa hapa hunitania: "Mkenya, punda wako ana viatu, sisi tuko peku."

Nilimfundisha kuvuta mkokoteni. Kwanza gunia tupu mgongoni, kisha tairi nyuma yake, kisha mkokoteni wenyewe. Ilichukua miezi. Wakimbizi wa Burundi wakishuka kwenye boti, yeye ndiye anayebeba mizigo na wasioweza kutembea, toka ufukweni hadi kwenye malori. Alikuwa amepata kazi.

Leo tulimbeba bibi mmoja mwenye magoti yaliyovimba. Nikamsimamisha Jemadari nyuma kabisa ya lori. Dereva akafungua bodi ya nyuma, chuma kikaanguka kwa kishindo.

Kwenye mbio farasi hufungiwa ndani ya vizimba vya chuma. Milango ikifunguka kwa kishindo kama kile, maana yake ni moja: kimbia.

Nilijua. Siku zote humsimamisha mbali. Leo tope lilikuwa zito, nimechoka, nikataka kupunguza hatua. Hatua zangu, si za bibi.

Jemadari alichomoka na mkokoteni, bibi akaanguka, mkono ukavunjika. Wauguzi walipokuwa wanamfunga bandeji, akanishika shati, akaniita mwanawe kwa Kirundi. "Mwana wanje, usimpige. Na sisi tulisikia mlio tukakimbia."

Jemadari nilimkuta barabara ya Ujiji, gurudumu moja limeng'oka. Amesimama ametulia, amegeuza shingo, ananingoja nimfute jasho. Ndivyo alivyozoea akimaliza mbio.

Nikamfuta.

Mzee alipouliza kulikoni, nilimjibu, "Ameingiwa na wazimu tu, mzee."

Akasema, "Basi kesho. Utamshika wewe, amekuzoea."

Nikisema kweli nitafukuzwa. Niliishia darasa la sita, na sijui kazi nyingine zaidi ya farasi. Kigoma nzima farasi ninayemjua ni huyu mmoja. Mama yangu anakula kwa mkono huu.

Ukurasa huu wa mtandaoni alinifungulia Zainabu, binti wa mzee. Kila asubuhi humsomea baba yake ninayoandika wakinywa chai, wanacheka Kiswahili changu. Mdomo wangu leo ulishindwa. Labda wa Zainabu utaweza.

Mzee, Jemadari hana wazimu. Alifanya nilichomfundisha. Mimi ndiye niliyemweka pale.

Nimesoma mara mbili. Sasa natuma, kabla woga haujarudi.