Namba ya Mke wa Mkurugenzi

Dada yangu,

Huku hatujambo, isipokuwa mama na goti lake. Daktari alimkataza ngazi, kesho yake tukamkuta juu ya paa anatafuta panapovuja. Mwanangu mdogo ameota meno mawili na anang'ata kila anayembeba.

Uliuliza habari za kazini. Ule umeneja wa kiwanda kipya cha maziwa sikuupata. Usaili ulikwenda vizuri, hata mkurugenzi alinipa mkono. Kumbe nilipotoka tu, alimpigia simu shemeji yako kumuuliza kama ataniruhusu kuhamia huko. Shemeji yako akajibu haiwezekani, nyumba itayumba. Alinisimulia mwenyewe mezani, huku anajiongezea mchuzi, kama mtu aliyenitua mzigo. Nafasi wakampa bwana mmoja wa idara ya mauzo. Yeye ana watoto wanne, na mkewe hakupigiwa simu na mtu.

Usinipe pole, utaniliza bure.

Jana niliingia ofisini kwa mkurugenzi. Akanivutia kiti, akijua nimekuja kulalamika. Nikamwambia sikai, nimekuja kuomba namba ya simu ya mkewe.

"Ya nini tena?"

"Naacha kazi, mzee. Nataka kumuuliza mama kama atakuruhusu uipokee barua yangu."

Alicheka, halafu akaona mimi sicheki.

Mama anakusalimu sana, na bado hataki fimbo. Shemeji yako sijamwambia kitu. Nadhani atapigiwa simu.

Ni mimi mdogo wako, kichwa kigumu yuleyule.